Hatukuwa na Ishu

Siku niliyokabidhi funguo za kabati langu, kijana mmoja wa masjala aliniuliza kama nina ishu yoyote ya kuwaachia kabla sijaondoka. Nilimwambia ninayo, tena moja tu, lakini haisemeki mtu akiwa amesimama mlangoni na mkoba begani. Ndiyo ninayoiandika hapa. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Mwenye hamu nazo akasome ubao wa matangazo.

Nilikuwa mkalimani wa mahakama hapa Tabora. Nyinyi mnaoingia sasa hamwezi kuijua vizuri kazi ile, kwa sababu sheria imebadilika na Kiswahili ndicho lugha ya mahakama. Kabla ya hapo, mzee wa Igunga alipanda kizimbani akasema kwa Kisukuma, mimi nikayaleta kwa Kiswahili, hakimu akayaandika kwa Kiingereza, na jioni mzee akarudi kwake akiwa amesema mambo matatu bila habari. Kazi yetu ilikuwa kuhakikisha hayo matatu yanabaki kuwa moja. Watu walidhani tunarudia tu maneno ya wenzetu. Mwaliko wa harusi ukinifikia, mwenye shughuli alikuwa ananitaka niwe mshereheshaji, eti si kazi yangu ni kusema.

Nilianza kazi nikiwa msichana mwenye kamusi mpya na kiburi kipya. Aliyenipokea ni Mzee Paschal, mkalimani mkuu, mwembamba, shati lake limefungwa vifungo vyote mpaka kooni hata kwenye joto la Oktoba. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho, kisha akaniambia siku hiyo nisifungue mdomo. Nikae benchi la nyuma nisikilize. Nilichukia. Nilikuwa nimeaga nyumbani kwetu kwa shangwe, mama yangu amewaambia majirani kwamba leo binti yake anakwenda kusema Kiingereza mbele ya hakimu, na sasa nimewekwa benchi kama mgonjwa anayesubiri kuitwa.

Mchana, tulipokuwa tunakunywa chai, Mzee Paschal aliniuliza ni neno gani la Kiingereza lililonisumbua asubuhi ile. Nikasema hakuna. Akauliza kama nililisikia neno "issue". Nikasema ndiyo, maana yake ni suala, kila mtu anajua. Akaweka kikombe chini. Akanikumbusha kwamba askari alisema bunduki yake ilikuwa "issued", je, bunduki ilifanywa suala? Wakili wa mirathi alisema marehemu hakuacha "issue", je, marehemu hakuacha masuala? Na hakimu alipotaja "issues" za kesi ile ya mpaka wa shamba, nilidhani anazungumzia nini?

Nilikunywa chai yangu.

Lazima niwaeleze Mzee Paschal alikuwa mtu wa namna gani. Alisoma seminari kule Kipalapala, akaacha kabla ya upadre. Mwenyewe alisema Mungu aliita kweli, ila alikosea nyumba. Upadre ulimpita, lakini Kilatini kilimbakia, na alikitumia kama watu wengine wanavyotumia bisibisi: kufungua kitu ili aone ndani kuna nini. Aliniambia neno lile mzizi wake ni Kilatini, maneno mawili yameunganishwa, nje na kwenda. Kutoka. Kilatini kikawaachia Wafaransa, Wafaransa wakalilainisha wakawapa Waingereza, nao Waingereza wakatuletea sisi bila maelekezo ya matumizi.

"Ukishajua ni kutoka, hutapotea," alisema. "Kinachotoka tumboni ni mtoto. Gazeti likitoka kiwandani ni toleo. Bunduki ikitoka stoo, askari amekabidhiwa. Na watu wawili wakishajibizana kwa hati zao mpaka wakachoka, kinachotoka mwishoni, kile walichoshindwa kukubaliana, ndiyo hoja ambayo hakimu ataiamua. Neno ni moja, lakini wewe huna ruhusa ya kulitafsiri kwa neno moja."

Nilimuuliza kuhusu tatizo, maana nilikuwa nimesikia watu wakilitumia hivyo. Akakunja uso. Alisema hiyo ni maana iliyoletwa na watu wavivu, wanaoona aibu kusema wana shida, na akaomba asiwe kazini siku itakapofika Tabora.

Alinifundisha mengi mengine, na baadhi yanafaa hata kwenu. Simama mahali unapoona mdomo wa shahidi na kalamu ya hakimu kwa pamoja. Kalamu ikisita, nyamaza, maana kuna kitu hakijaeleweka. Usipunguze matusi, shahidi akisema mtu alimtukana, hakimu anahitaji tusi lenyewe, si neno kwamba alitumia lugha isiyofaa. Shahidi akiitikia kwa kunyanyua nyusi, mwombe aseme, kwa sababu nyusi haziandikiki. Na koo ndilo jembe lako. Mzee alikuwa na chupa ndogo ya asali ya msituni kwenye droo, ile nyeusi inayokereketa kidogo, na kabla ya kesi ndefu alilamba kijiko kimoja. Nikarithi tabia hiyo. Mkikuta sisimizi kwenye droo ya kabati langu, si uchafu, ni kumbukumbu.

Mzee alistaafu kabla neno lile halijafika. Mungu alimsikiliza kwa hilo.

Mimi nilikuwepo. Sijui lilipanda treni gani kutoka Dar es Salaam, ila nililisikia kwanza kwa makondakta stendi, kisha kwa wauza simu, kisha siku moja kwa karani wetu. Ishu ni kwamba printa imekwama. Hiyo siyo ishu. Ana ishu na bosi. Yuko kwenye ishu zake. Kijana mmoja aliyeshtakiwa kwa kuvunja duka aliulizwa alikuwa wapi usiku ule, akajibu alikuwa kwenye ishu zake, na mahakama nzima ikabaki inamtazama kujua amekiri au amejitetea. Nilimwomba hakimu ruhusa ya kumuuliza ni ishu zipi. Alikuwa anauza mayai ya kuchemsha. Mngeliacha vile lilivyo, mayai yale yangempeleka gerezani.

Nililalamika. Nililalamika kwenye vikao, nikalalamika jikoni, nikalalamika kwa binti yangu mpaka akaacha kunipigia simu asubuhi. Waliniambia lugha inakua. Nawajibu hapa, kwa kuwa sasa hakuna wa kunikatiza: ni kweli inakua, na mji huu hauwezi kukataa, kwani Kiswahili chenyewe kilifika Tabora kwa miguu, kimebebwa na wapagazi pamoja na pembe na nguo. Babu mzaa babu yangu alikuwa mmoja wao. Sina ugomvi na neno kusafiri. Ugomvi wangu ni neno linalofika likiwa tupu, kila mtu akatia ndani anachotaka, halafu mtu mwingine kabisa ndiye anayelipia.

Na huyo mtu mwingine nilikutana naye.

Lilikuwa shauri la shamba la Ntalikwa. Marehemu, aliyeitwa Maganga, alilima hapo mahindi na karanga, na tumbaku mpaka ilipomchosha. Aliishi na mwanamke aliyeitwa Nyamizi, mzaliwa wa Puge, kwa muda mrefu kiasi kwamba majirani hawakukumbuka shamba lile bila yeye. Hawakufunga ndoa msikitini, wala kanisani, wala bomani. Mahari ilizungumzwa, kukawa na ukame, ikaahirishwa, basi ikaishia hapo. Maganga alipofariki, wadogo zake waliona kwamba mji unasogea Ntalikwa na shamba linaweza kukatwa viwanja. Mkubwa wao, Shabani, alimwambia Nyamizi kwamba yeye alikuwa msaidizi wa marehemu tu, ashukuru kwa aliyokula, arudi kwao Puge. Nyamizi hakurudi. Alikwenda mahakamani peke yake, bila wakili, kuzuia shamba lisiuzwe na kuomba atambuliwe kama mke.

Alipotoa ushahidi mara ya kwanza sikuitwa. Anajua Kiswahili, kwa hiyo mkalimani hakuhitajika. Maswali na majibu yalikwenda kwa Kiswahili na hakimu akaandika kwa Kiingereza, kama ilivyokuwa desturi. Kisha hakimu yule akahamishwa kituo, jalada likakaa, na mwishowe likaangukia kwa hakimu mwingine, mama mmoja mpole wa sauti na mkali wa muda. Yeye alisema hataendelea na ushahidi asioujua. Kila shahidi aitwe, asomewe alichoandikiwa, aseme kama ndicho. Na kwa kuwa kilichoandikwa kilikuwa Kiingereza, niliitwa nisome kwa Kiswahili.

Nakumbuka Nyamizi alivyopanda kizimbani. Alikuwa amevaa kitenge cha bluu, kilemba kimefungwa kwa nguvu, na mikono yake ameiweka juu ya ubao wa kizimba kama mtu aliyeshika ng'ombe anayekamuliwa. Niliposimama karibu nilimwamkia kwa Kinyamwezi, mwangaluka, ili ajue kwamba akikwama kuna njia nyingine ya kutokea. Akaitikia polepole. Wakili wa kina Shabani, kijana nadhifu kutoka Dar es Salaam, alikuwa tayari ameshawasilisha hoja zake. Kwa ufupi zilisema mwanamke huyu mwenyewe amekiri hakuzaa na marehemu, hakuolewa, basi hana haki yoyote shambani pale.

Nikaanza kusoma. Mahali pa kuzaliwa, sawa. Alivyokutana na Maganga mnadani, sawa. Kila sentensi Nyamizi aliitikia ndiyo. Nikafika mahali palipoandikwa kwa Kiingereza kwamba hakuwa na "issue" na marehemu, na kwamba waliishi vizuri.

Nikasita. Hakimu akaniuliza kuna nini. Nikamweleza kwamba neno lile linaweza kuwa ugomvi na linaweza kuwa mtoto, nami siwezi kusoma yote mawili. Wakili akasimama, akasema katika mashauri ya mirathi neno hilo halina utata, ni mtoto. Hakimu akaitazama tena ile karatasi. Alisema hata yeye alipolisoma ofisini alielewa mtoto, na hakuona sababu ya kuelewa vingine.

"Msomee hivyo," akasema. "Tumsikie."

Nikasoma: "Mimi na marehemu hatukuwa na mtoto. Tuliishi vizuri."

Mpaka hapo Nyamizi alikuwa akitazama ubao. Akainua uso, si kwangu, kwa hakimu.

"Sikusema hivyo."

Hakimu alimwambia ajieleze bila haraka, kalamu ameiweka chini. Nyamizi alisema kwamba siku ile aliulizwa na wakili huyu, kwa Kiswahili, kama alikuwa na ishu yoyote na marehemu. Yeye anavyolijua neno hilo ni ugomvi, ndivyo vijana wa Puge wanavyolisema. Kwa hiyo alijibu hapana, hawakuwa na ishu, waliishi vizuri, kwa sababu Maganga hakuwahi kumpiga wala kumfukuza.

"Na mtoto?" hakimu akamuuliza.

"Mtoto tulikuwa naye. Kabula. Alikufa hajaanza shule. Amezikwa palepale shambani, upande wa mihogo, na huyu shemeji yangu ndiye aliyechimba kaburi."

Hakumnyooshea Shabani kidole. Alimtazama tu, na sisi sote tukageuka tukamtazama.

Hakimu akauliza kwa nini jambo kubwa kama hilo hakulisema tangu mwanzo. Nyamizi akajibu kwamba hakuna aliyemuuliza. Mtoto aliyekufa, mama hatembei naye mdomoni kumwonyesha kila mtu. Na wote wale, akasema, wanajua, walikula msibani.

Ilipofika zamu ya Shabani kuulizwa, alisimama, na wakili wake akakohoa kumhimiza. Sikuwa na la kutafsiri, kwa hiyo nilikuwa na nafasi ya kumtazama. Ni mtu mzima, mwenye mabega ya kazi, na alikuwa anasugua kiganja kimoja kwa kingine kama anatoa udongo.

"Nilichimba mimi," alisema mwishowe. "Kaka hakuweza kushika jembe siku ile."

Wakili akakaa chini. Hakimu aliandika, na safari hii aliandika kidogo, akasoma alichoandika kwa Kiswahili, akawauliza wote wawili kama ndivyo walivyosema. Wakasema ndivyo.

Nilitoka nje nikiwa na hasira ambayo sikujua niiweke wapi. Hakimu wa kwanza aliandika alichosikia: ishu ni "issue", nani angemlaumu? Hakimu wa pili alisoma kilichoandikwa. Nyamizi alijibu alichoulizwa. Katika mlolongo wote ule huwezi kumshika mtu ukasema huyu ndiye mwongo, isipokuwa kina Shabani waliokaa kimya, na mwanamke alikuwa anaelekea kupoteza kaburi la mwanawe. Nilimkuta wakili kwenye ukumbi, nikamuuliza kwa nini hakumuuliza yule mama kama alizaa. Ni maneno mawili. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, akasema, "Bi Zuhura, kwani ishu si Kiswahili siku hizi?"

Mpaka leo sijui kama alikuwa ameelewa jibu la Nyamizi tangu siku ya kwanza akalitumia, au lilimpita yeye pia. Nilimwambia, kijiweni ndiyo, ni Kiswahili. Akasema asante, mama, nitakumbuka, kama mtu anavyomjibu shangazi aliyemwambia avae sweta.

Baadaye mahakama ilikwenda Ntalikwa kuliona shamba. Mihogo ilikuwa imekua, ilibidi Nyamizi atangulie kutufungulia njia. Kaburi lilikuwa dogo, limezungushiwa mawe, limefagiwa. Vigingi vya wapima viwanja vilikuwa vimeshafika hatua chache kutoka pale. Majirani waliulizwa, na kila mmoja alisema mke wa Maganga ni huyu, kwani kuna mwingine? Hakimu alisimama pembeni mwa mawe yale bila kuandika, kisha akatuambia turudi garini.

Hukumu ilisomwa katika mwezi wangu wa mwisho kazini, na ilisomwa kwa Kiswahili, moja kwa moja, bila mimi. Niliingia kama msikilizaji nikakaa benchi la nyuma. Hakimu alisema watu walioishi hivyo, wakajulikana hivyo na kila mtu, wakazaa na kuzika pamoja, sheria inawahesabu kuwa mume na mke, na ndugu waliochimba kaburi la mtoto hawawezi kusema hawamjui mama yake. Nyamizi atabaki na nyumba na shamba walilolifungua wawili. Sehemu ya malisho, ambayo Maganga aliirithi kwa baba yake, ikarudi kwa ndugu. Ilikuwa hukumu fupi. Niliisikiliza nikitafuta neno la kulalamikia, nikakosa, jambo ambalo nalo liliniudhi kidogo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwenu ni huu, na sitaurudia. Sasa mnaandika Kiswahili mtupu na mnadhani mmepona. Hamjapona. Mnatafsiri hukumu za zamani na nimeona rasimu zenu. Kila penye "issue" mmeandika ishu na mkaendelea kunywa soda. Simameni hapo. Ulizeni ni nini kimetoka, na kimetoka wapi. Kama ni mtoto, andikeni mtoto.

Baada ya hukumu, nilipokuwa nashuka ngazi, Shabani alikuwa amesimama chini, kofia mkononi. Alinisalimia kwa heshima, akasema ana ombi. Nyamizi alikuwa mbele yetu kidogo, anafunga hati zake ndani ya khanga. Shabani aliniomba nimwambie kwamba anataka kwenda Jumapili kulipalilia lile kaburi, kama atamruhusu.

Nilimtazama. Wote wawili ni Wanyamwezi, wamekula chungu kimoja, na alikuwa anaomba mkalimani.

"Mzee," nikamwambia, "mimi nastaafu. Mwambie mwenyewe."

Alivaa kofia, akaivua tena. Kisha akasogea mpaka nyuma yake, na kwa sauti ya chini, ambayo sikupaswa kuisikia, akamwita: "Mama Kabula."

Yule mama akageuka.